Fundi bendera wa nyuma ya soko la Kilombero: oda mbili zimetoka, ya tatu bado iko kwake

Mimi ni mpambaji. Napamba sendofu, harusi, kipaimara, mahafali, na siku hizi hadi misiba maana hapa Arusha sa hivi msiba usipofunika viti watu wanaona kama familia haijajipanga. Kwa hiyo mafundi nawajua, wa mapazia ntakutajia watano bila kufikiria, wa makava ya viti watatu, ila wa bendera nilikuwa sina, na nani ana fundi wa bendera jamani? Unaingia duka la vifaa vya ofisi, unanunua ya Taifa, unaichomeka, unaenda zako. Basi mwaka huu nimefundishwa adabu, na nimefundishwa mbele za watu mia tatu na kitu wamevaa sare, ndo maana naandika hii ndefu. Anayetaka bei tu ashuke huko chini.

Ilikuwa hivi. Nilipewa kazi ya sendofu, ukumbi uko Njiro. Bi harusi kazaliwa hapa hapa, kasoma hapa hapa, Kiswahili chake cha Sakina kabisa, ukimsikia kwenye simu unaapa ni Mchaga aliyekulia mjini, lakini wazazi wote wawili ni watu wa Eritrea. Bwana ni Mmeru wa Usa River. Kamati ikasema tunataka hai tebo iwe na bendera mbili, ya kwetu na ya kwao, wazo zuri, nikawaambia hilo niachieni mimi. Nikaenda kwa vijana fulani mjini wanaoprinti mabango, duka lao silitaji, chalii akaingia gugo akaandika jina la nchi, picha ya kwanza iliyotokea ndo hiyo hiyo akaivuta akaprinti, mita mbili kwa moja na nusu. Kijani juu, bluu chini, na pembetatu nyekundu inayoanzia kwenye mlingoti ikienda inachongoka mpaka mwisho, ndani ya huo wekundu kuna shada la majani ya mzeituni ya njano. Bluu ilitoka inaelekea zambarau, shada likavutwa likawa kama yai, majani yameshikana hujui moja linaishia wapi. Nikasema fresh tu, kwa mbali nani ataona.

Baba wa bi harusi akaingia na msafara wake. Mzee mrefu, mtulivu, suti ya kijivu. Alipofika kama hatua tano toka hai tebo akasimama. Emsii anaita "karibu baba, karibu baba yetu", baba hasogei. Akaniita kwa kidole, nikakimbia, shikamoo baba, akaitikia marahaba, heshima hakuiacha, halafu akaniuliza taratibu tu, "Binti, hii umeitoa wapi?" Nikamwambia tumeprinti baba, si ya kwenu? Akasema "Siyo yangu." Akageuka, akatoka, akaenda kukaa kwenye gari. Yaani baba mzazi, sendofu ya mwanae, yuko nje kwenye gari na vioo kapandisha.

Nikaona dawa yake ni ndogo, itoe. Nikaitoa. Baba akarudi, keki ya wazazi ilishalishwa bila yeye lakini akarudi. Nikajua yameisha, nageuka hivi namkuta mama wa bi harusi kasimama nyuma ya pazia langu la maua, machozi yanamtoka, ananiuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mbona umeishusha?"

Hapo ndo nikajua sijui kitu.

Harusi yenyewe ilikuwa wiki tatu mbele na kazi ilikuwa bado yangu (hawakuninyang'anya, Mungu awabariki). Nikaenda nyumbani kwao Sakina kuomba radhi. Wakanikalisha, mama akaanza kukaanga kahawa mbele yangu, mbichi kabisa, ikianza kutoa moshi anakupitishia kikaango puani uvute, kisha anatwanga, kisha inaingia kwenye jebena, ni kijungu chao cha udongo chenye shingo ndefu, mdomoni kaziba na kifurushi cha nyuzi ili machicha yasitoke. Kuna vikombe vitatu. Cha kwanza wanaita awel, cha pili kalai, cha tatu bereka, na usithubutu kuondoka kabla ya bereka maana hiyo ndo baraka yenyewe. Mimi nilikuwa nimejiandaa kukaa dakika kumi, nilitoka saa mbili usiku.

Kikombe cha kwanza aliongea mzee. Kumbe yeye bendera yake ni nyingine kabisa, ni ya bluu, ile bluu ya maji maji kama ya Umoja wa Mataifa, katikati shada la mzeituni la kijani na tawi moja limesimama ndani yake. Hiyo ndo ilikuwa bendera ya Eritrea mwaka 1952, Umoja wa Mataifa ulipoiunganisha na Ethiopia kama shirikisho. Miaka kumi baadae, Novemba 1962, Mfalme Haile Selassie akalifuta shirikisho akaimeza nchi, lakini vita vilishaanza Septemba 1961. Mzee akaingia msituni na ELF, kundi la wapigania uhuru wa Eritrea, akiwa kijana wa sekondari. Sasa hapo mimi nilikuwa sijui, kumbe wapigania uhuru wenyewe walikuwa pande mbili, ELF na kundi jingine EPLF, na wakapigana wao kwa wao, na 1981 ELF ikashindwa ikasukumwa mpaka Sudan. Yeye akavuka nao. Ile nyekundu ya pembetatu ni ya waliomsukuma, ilikuwa ya EPLF na ilikuwa na nyota, na 1993 walipoifanya ya taifa, mzee alivyosema ni hivi, "wakaivua nyota wakaivisha majani yetu". Kwa hiyo 1991 nchi ilipokombolewa yeye alishangilia akiwa Khartoum. Bado yuko nje, tofauti ni kwamba sa hivi ni Sakina.

Kikombe cha pili akaongea mama, na aliongea akiwa anamimina, hamtazami mumewe. Kaka yake alikuwa EPLF. Alifia Massawa, Februari 1990, kwenye ile vita ya kuichukua bandari. Kwa hiyo ule wekundu kwake siyo chama wala serikali, ni kaka yake. Na Aprili 1993 kwenye kura ya maoni, maana waliokuwa nje nao walipiga, yeye alisimama foleni Khartoum toka alfajiri akapiga ya ndiyo kama wengine wote, na akasema ile siku alishona bendera ndogo kwa mkono, na hiyo ndo aliyoshona, ya pembetatu. "Nani anione kama nimekosea?"

Miaka zaidi ya thelathini wamelala chumba kimoja, bendera mbili. Ukutani kwao hakuna hata moja, kuna picha ya Asmara, lile jengo la sheli la Fiat Tagliero la 1938 lenye mabawa kama ndege, hilo wote wanalipenda halina ugomvi. Wanakula taita, mkate wao mwembamba, unga wa teff, nafaka ya kwao, ukiadimika mama anachanganya na ulezi wa hapa hapa, wajukuu wa majirani wanaita chapati ya matundu. Jumatano na Ijumaa hawagusi nyama. Mtoto wao anaongea Kitigrinya na mama, Kiswahili na baba, usiniulize kwa nini iko hivo.

Cha tatu waliongea wote kwa kupokezana na sitaandika yote. Kwa kifupi tu, katiba iliyopitishwa 1997 haijawahi kutumika, Septemba 2001 wakakamatwa viongozi waliotaka mabadiliko na magazeti binafsi yakafungwa, na walioko nje wanadaiwa asilimia mbili ya kipato, usipolipa ubalozini hupati huduma. Mzee hajawahi kulipa. Na mwaka 2023 watu wa nchi moja walipigana hadharani kwa ajili ya hizo hizo bendera mbili, Giessen kule Ujerumani, Stockholm mwezi wa nane, Tel Aviv tarehe 2 Septemba, wa bluu huku wa nyekundu kule. Na mimi nimeenda kuiprinti mita mbili nikaiweka juu ya keki!

Haya sasa, fundi.

Fundi wangu wa makava ndo alinielekeza. Yuko nyuma ya soko la Kilombero kwenye vile vyumba vya mafundi cherehani, hana kibao, hana picha, hana ukurasa mtandaoni, wewe ulizia mama wa bendera hata chalii wa mkokoteni atakuonyesha. Ni mama mtu mzima, miwani kaifunga kwa uzi, ana cherehani mbili za kawaida na moja ya kudarizi ambayo ina sauti kama inakohoa. Anasema bendera alianza kushona kipindi kile cha mazungumzo ya amani ya Burundi, ya akina Mwalimu halafu Mandela, yaliyosainiwa hapa mjini Agosti 2000, mji ulikuwa umejaa wageni na kila mmoja anataka ya kwake mezani. Toka hapo hakuacha. Na ukifikiria mji huu una AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, una Jumuiya ya Afrika Mashariki, una Mahakama ya Afrika, kazi haiwezi kukosa.

Nikamwambia mama shikamoo, nataka bendera ya Eritrea. Hakuuliza saizi. Hakuuliza lini. Aliuliza, "Ipi?"

Nilitamani nimkumbatie.

Akatoa kaunta buku, lile kubwa la kava gumu, limejaa mpaka halifungi. Kila ukurasa kabandika kipande cha kitambaa halisi cha rangi husika, pembeni kaandika kwa peni vipimo, mwaka, na nani alimwelekeza, siyo majina, kaandika tu "mzee wa Ngaramtoni", "dada wa mahakamani". Kuna ya Zaire, ile ya kijani yenye mkono ulioshika mwenge, ya Mobutu, ilishakufa toka 1997 lakini anasema wapo wanaoiulizia. Kuna ya Burundi ya 1962 ya wakati wa mfalme, yenye ngoma na mtama katikati. Ethiopia anazo tatu, ya simba, tupu, na ya nyota, na ya simba anasema wanaochukua zaidi ni marasta ambao hata Addis hawajafika. Kuna nyekundu-nyeusi-kijani ya Marcus Garvey ya 1920, hiyo wanaiulizia Wamarekani weusi. Mnamkumbuka Pete O'Neal, yule wa Black Panther, kile chama cha Wamarekani weusi, wa Kansas City aliyekimbia kesi ya bunduki kwao akafika Tanzania 1972, yeye na mkewe Charlotte wakajenga kituo pale Imbaseni? Watu kama hao ile ya Marekani ya nyota na mistari usiwabandikie bila kuwauliza.

Kuna ukurasa mmoja wa tai mweupe mwenye taji. Nikauliza ya nani hii, akasema mgeni mmoja wa Poland alikuja kutembelea makaburi ya Tengeru. Wengi mnapita pale hamjui, wakati wa vita kuu ya pili waliletwa Wapolandi kama elfu tano hivi, wengi mama na watoto, Warusi walikuwa wamewahamishia Siberia kwa nguvu, wakatoka wakapitia Irani, 1942 wakaanza kufika Tengeru, wakaanzisha shule zao, kanisa lao, skauti wao, wengine hawakuondoka tena, wamezikwa hapo. Sasa kwao, serikali ya kikomunisti ilipoingia ilimvua yule tai taji. Waliokuwa nje hawakukubali, serikali yao ya uhamishoni London iliendelea na tai mwenye taji mpaka Desemba 1990 walipomkabidhi rais mpya wa Poland, Lech Wałęsa, alama za nchi. Fundi wangu hayo ya London hayajui. Yeye kaandika tu pembeni, "TAJI LISISAHAULIKE, alirudia mara tatu."

Ya Uganda iko moja tu, na hapo nikacheka. Marehemu baba yangu alikuwa anaishi Moshi Machi 1979 wakimbizi wa kisiasa wa Uganda walipokutana pale, vikundi kibao, kila kimoja na mwenyekiti wake, wakaunda UNLF, umoja wao wa kumng'oa Amini, wakamchagua Yusuf Lule, Aprili Kampala ikaanguka akaapishwa, akadumu siku 68. Baba alikuwa anasema wale hawakuelewana hata chai iwe na maziwa au bila. Lakini bendera haikuwa shida maana Amini hakuigusa, ni korongo yule yule wa 1962, aliyemfukuza na aliyefukuzwa wote wanamsalimia. Bahati hiyo. Na wale Wasauzi wa ANC, chama cha Mandela, waliokuwa Mazimbu kule Morogoro walikuwa na ya kwao, wimbo wetu wa taifa ukipigwa ni tuni ya kwao, Nkosi Sikelel' iAfrika, mtu anasimama kwa heshima ya Tanzania huku moyoni anaimba kwao. Wangu hawa wawili wa Sakina hawana hata hiyo.

Nikamweleza fundi mkasa wote. Akasikiliza huku anachomeka uzi. Akasema, "Nenda kawaulize wote wawili kama wanakubali zikae zote. Wakikubali ntashona, saizi moja, tena sentimita kwa sentimita, nisije nikaonekana nimependelea." Nikaenda, mama akakubali pale pale, mzee akakaa kimya siku nne halafu akanitumia meseji, neno moja, "Sawa."

Sasa tuongelee kazi. Hashoni kwa satini hata ukimlilia, anasema satini inang'aa siku ya kwanza halafu pindo linaanza kufumuka, upepo wa Arusha wa mwezi wa nane unaimaliza. Anatumia tetroni nzito, ya sare za shule ile lakini daraja la juu, rangi anakuletea vipande vitatu vinne unachagua kwenye jua, siyo ndani chini ya taa. Ile bluu ya mzee tulizunguka naye maduka manne barabara ya Sokoine mpaka tukaipata. Pembetatu haibandiki kama kiraka, anakata vipande anavishona mshono kwa mshono, kwa hiyo ukigeuza nyuma ni bendera ile ile, siyo zile za kuprinti ambazo nyuma ni nyeupe kama umevaa shati kinyume. Shada kadarizi upande mmoja, halafu upande wa pili kadarizi tena, akaacha mshono wa kwanza umefichwa katikati. Upande wa mlingoti kaweka utepe mgumu wa turubai na vile vipete vya bati vya kupitishia kamba. Nimeifua mwenyewe kipande cha majaribio alichonipa, maji ya vuguvugu na omo, nyekundu haikuchuja kwenye njano, na wanaojua nyekundu wanajua.

Majani sasa. Bendera ya mama, ile ya sasa, shada lake lina majani 30, miaka 30 ya vita, 1961 mpaka 1991. Kwenye yangu ya kuprinti hata kumi usingeyahesabu. Fundi aliyachora kwanza kwenye karatasi ya kaki, akayapa namba kwa penseli, moja mpaka thelathini, ndo akaanza. Siku nilipoenda kucheki nilimkuta anadarizi shada la mzee, la kijani, akanyanyua miwani akaniuliza, "Hivi mwanangu, hawa wanagombana nini, mbona majani ni haya haya?" Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia ndo hivo mama.

Mapungufu yapo, tena siyo madogo.

La kwanza, muda. Alisema siku tano, ikawa kumi na moja, na simu hapokei mchana kabisa, anasema akishika simu mkono unateleza. Nilienda pale mara nne, daladala za kwenda na kurudi mwenyewe. Kama una sherehe Jumamosi mwambie ni Jumanne. La pili, lisiti hana, anakuandikia kwenye karatasi ya kaunta buku, kama ofisi yenu inataka lisiti ya mashine hapo mtaumizana. La tatu ndo lililoniuma. Mzee aliomba kwenye kona ya ile ya bluu iandikwe jina la nchi kwa herufi zao za Ge'ez, Ertra, herufi nne tu. Akamwandikia vizuri kwenye karatasi. Sasa zile herufi ya pili na ya nne zinafanana, ni familia moja, lakini siyo ile ile, ya mwisho ina mguu wake, na fundi yeye aliona ni moja akazishona sawasawa. Mimi nisingejua mpaka nakufa. Mzee alijua kabla sijaikunjua yote. Tuliirudisha, akafumua akashona upya bila kudai hela, akaomba radhi kwa adabu, lakini ukiiangalia kwa karibu utaona vitobo vya sindano vya mara ya kwanza. Kwa hiyo kama una maandishi ya lugha asiyoijua kaa naye, usiondoke, ntasema tena, usiondoke.

La nne ni mdomo. Ukimletea bendera ya Tanzania iliyoning'inizwa kijani kikiwa chini utasemwa. Kijani juu upande wa mlingoti, bluu chini, mstari mweusi unapanda, na ukumbini kwetu nimeona mara ngapi imegeuzwa na hakuna anayejali. Alinisema mimi mbele ya wateja wake kwa ajili ya picha ya mahafali niliyomuonyesha. Nilistahili.

Harusini. Kanisani hatukupeleka kitu. Ukumbini niliweka ya Tanzania katikati, ya bluu upande wa baba, ya pembetatu upande wa mama, milingoti mitatu ya urefu mmoja, na nilikuwa nimepima kwa futi kama mwehu. Nilisimama karibu na mlango wa jikoni, tumbo linauma, nasubiri mzee aingie. Akaingia. Akaiona ya kwake, akapita, hakusimama hapo hata kidogo. Akaenda moja kwa moja kwenye ya mkewe, akasimama mbele yake, akavaa miwani, akaanza kuhesabu kwa kidole bila kuigusa kitambaa, upande mmoja unashuka, upande mwingine unapanda. Emsii akanyamaza, nafikiri aliona naye. Mzee akamaliza, akavua miwani, akasema "Thelathini." Akaenda akakaa karibu na mkewe. Baadae ngoma ya kwao ilipoanza, ile wanazunguka duara mabega yanacheza, nilimuona anazunguka na Wameru wote, na keki safari hii alilishwa wa kwanza.

Bei. Hizo mbili, sentimita 90 kwa 150, kila moja elfu tisini na tano, ukiona nyingi jua ni darizi mbili mbele na nyuma. Ya Tanzania ya saizi hiyo hiyo alinifanyia elfu arobaini, nilichukua sita kwa ajili ya mahafali, hiyo ndo ilikuwa oda ya pili na haikuwa na tatizo lolote. Za mezani ndogo ni elfu kumi na mbili mpaka kumi na nane kutegemea alama iliyomo. Unatanguliza nusu. Hapunguzi, usihangaike, mimi kazi yangu ni kubembeleza bei na nilishindwa.

Lile bango la kuprinti bado liko stoo kwangu. Nilitaka nilikate liwe la kufunikia jenereta, nikampitishia fundi nikamuuliza, akanitazama kama nimemtukana. Akasema likunje uweke. Wiki mbili baadae mama wa Sakina mwenyewe akanipigia, eti bado lipo? Nikamwambia mama ile rangi ni mbaya na majani hayahesabiki. Akasema anajua, anataka hivo hivo, ya kutandika juu ya kabati ndani ya chumba ambako mzee hafungui. Sijalipeleka bado maana sijui kama naruhusiwa.

Oda ya tatu ni ya mzee, safari hii kaja mwenyewe mpaka Kilombero, kaagiza mbili ndogo za mezani, ya bluu moja na ya pembetatu moja, zishonwe mgongo kwa mgongo kwenye kijiti kimoja, na jina kwa Ge'ez pande zote. Fundi kasema Jumanne. Nimemuacha mzee hapo hapo kwenye kigoda, kaiweka karatasi yake juu ya cherehani, anamuonyesha herufi ya nne kwa kalamu.